Kusafisha damu, kupandikizwa Kampala au kusafiri India: mizani ya familia yenye mgonjwa wa figo

Kaka yangu ana daftari la mistari, lile la watoto wa shule ya msingi. Kila ukurasa ameugawa safu tatu: uzito kabla ya mashine, uzito baada ya mashine, na maji aliyokunywa. Jumanne moja ameandika 68.4, kisha 65.9, na kwenye safu ya maji: "chai kikombe kizima, nimekosea." Zile kilo mbili na nusu hazikuwa nyama. Ni maji ambayo figo zake zilishindwa kuyatoa, yakavutwa na mashine kwa saa nne.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikitoka naye Bombo, kaskazini mwa Kampala, kabla ya adhana ya alfajiri, taksi hadi mjini, kisha boda hadi kwenye mashine. Siku daktari alipotwambia tufikirie kupandikiza, tulikaa mkekani watu tisa. Mjomba akamtazama mdogo wetu wa mwisho, kijana wa miaka 21 anayeendesha boda, akasema: "Huyu hana mke wala mtoto. Atoe yeye." Wote wakaitikia. Mimi nilinyamaza, maana hata mimi niliona lina mantiki.

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza sana. Nawaandikia waliokaa kwenye mkeka kama ule na hawajui waanzie wapi.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni kuendelea kusafisha damu. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu aliye hai hapa hapa Uganda. Ya tatu ni kupandikizwa figo ya mtu aliye hai nje ya nchi, na kwa Waganda wengi nje maana yake ni India. Figo ya marehemu bado si njia ambayo mgonjwa wa kwetu anaweza kuitegemea. Kusafisha damu kwa maji yanayoingizwa tumboni nyumbani kupo duniani, lakini kwa watu wazima wa hapa ni nadra, kwa hiyo naiacha.

Nitazipima kwa mambo matano: mwili wa mgonjwa, mwili wa anayetoa, fedha, muda na kazi, sheria na karatasi. Jambo la pili ndilo linalosahaulika mkekani. Nitakaa nalo kuliko mengine.

Mwili wa mgonjwa

Figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki. Mashine hufanya saa nne, mara tatu kwa wiki kwa kipimo cha kawaida, na kwetu wengi hupata mara mbili tu kwa sababu ya fedha au nafasi. Katikati ya siku hizo maji na potasiamu, madini yanayotoka kwenye chakula, hujikusanya. Potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama ghafla, na imejaa katika matoke, maharage na viazi vitamu, yaani sahani yetu yote. Wifi yenu, mke wa kaka, humenya matoke, huyakata vipande vidogo, huyaloweka, na humwaga maji ya kwanza ya kuchemshia. Ladha inaondoka, lakini na potasiamu inapungua.

Anayesafishwa damu anahitaji mlango wa damu. Ulio bora ni fistula, mishipa miwili ya mkono iliyounganishwa kwa operesheni ndogo. Weka kidole juu yake utasikia mtetemo, kama paka anayekoroma. Kaka huugusa kila asubuhi kabla hajasalimia mtu. Ukipotea mtetemo huo, ni kukimbilia hospitali. Mpira wa shingoni ni wa dharura, na ukikaa muda mrefu huleta maambukizi ya damu. Pamoja na hayo yote, mashine inaokoa maisha, na wapo walioishi nayo miaka mingi. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu inaweza kuwa njia salama kuliko kisu.

Kupandikizwa hubadilisha hesabu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 uliwalinganisha waliopata figo za marehemu na wale waliobaki wakisubiri kwenye orodha ile ile, wote wakiwa wamepimwa na kuonekana wanafaa. Kwa muda mrefu hatari ya kufa ya waliopandikizwa ilikuwa pungufu kwa asilimia 68. Utafiti huo huo unasema pia kwamba wiki za mwanzo baada ya operesheni hatari yao ilikuwa kubwa kuliko ya waliosubiri. Mtu akikuambia nusu moja, mwongeze nusu ya pili. Figo ya mtu aliye hai hudumu zaidi ya ya marehemu, mara nyingi miaka 15 hadi 20.

Lakini aliyepandikizwa hajapona kabisa. Atameza dawa za kushusha kinga, kwa kawaida takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, kila siku muda wote figo ile inapofanya kazi. Kinga ikishuka, kifua kikuu kinapata nafasi, na sisi tunaishi nacho mtaani. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hushusha kiwango cha takrolimasi mwilini hadi mwili ukaanza kuikataa figo. Ndiyo maana aliyepandikizwa hapaswi kumeza kidonge cha duka la dawa kabla daktari wake wa figo hajajua.

Kampala au India, figo ni ile ile na dawa ni zile zile. Tofauti ni mazoea ya mikono na umbali wa daktari. India hupandikiza figo zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Mulago, hospitali ya taifa iliyoko Kampala, ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Desemba 2023, madaktari wetu wakisaidiwa na wenzao kutoka Hyderabad, India. Hapo India inatangulia. Lakini mwili ukianza kuikataa figo mwezi wa saba, mgonjwa yuko Bombo, na timu iliyomfanyia operesheni Mulago iko karibu kuliko iliyo ng'ambo ya bahari. Hapo Kampala inatangulia.

Mwili wa anayetoa

Mashine haimkati mtu wa pili. Hilo lisemwe waziwazi, kwa sababu kuna wagonjwa waliokataa kupokea figo ya mtoto wao na wakaitwa wakaidi. Walikuwa wanapima.

Kutoa figo kulianza kufanikiwa tarehe 23 Desemba 1954 mjini Boston, Joseph Murray na wenzake walipohamisha figo ya Ronald Herrick kwa pacha wake Richard. Richard aliishi miaka minane. Ronald, aliyetoa, aliishi hadi mwaka 2010 akiwa na miaka 79. Tangu mwaka 1995 kuna njia ya kuitoa figo kwa matundu madogo badala ya kupasua ubavu, na kidonda chake hupona upesi zaidi. Uliza hospitali yako inatumia ipi, kwa sababu kwa mtu anayebeba magunia tofauti hapo ni kubwa.

Kufa mezani ni nadra. Katika watoaji 80,347 wa Marekani waliofuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa wastani wa 3.1 kwa kila 10,000. Ndugu wengi huishia kwenye takwimu hiyo. Swali gumu lakini ni la miaka ishirini mbele: figo moja iliyobaki itaendeleaje?

Mwaka 2009 watafiti wa Minnesota, Marekani, walitoa matokeo ya watu karibu 3,700 waliotoa figo, na walionekana kuishi kama watu wengine. Habari njema, na kwa miaka mingi ndiyo iliyosomwa kwa familia. Ila tazama walilinganishwa na nani. Anayeruhusiwa kutoa figo ameshachujwa: hana kisukari, presha yake ni nzuri, mkojo wake hauna protini. Ukimlinganisha na umma wote, wagonjwa na wazima, lazima aonekane sawa au bora. Kinachotakiwa ni kumlinganisha na mzima mwenzake aliyebaki na figo mbili.

Kazi hiyo ilifanywa na Abimereki Muzaale na wenzake wa Johns Hopkins, chuo kikuu cha Marekani, wakachapisha mwaka 2014. Walifuatilia watoaji 96,217. Katika miaka 15, walioishia figo kufa kabisa walikadiriwa kuwa 30.8 kwa 10,000 kati ya waliotoa, na 3.9 kwa 10,000 kati ya wazima wenzao waliobaki na figo zote mbili. Kwa maisha yote makadirio yalikuwa 90 kwa 10,000 kwa waliotoa, 14 kwa wazima wasiotoa, na 326 kwa umma usiochujwa. Zisome zote tatu pamoja. Aliyetoa ana hatari ndogo kuliko mpita njia wa kawaida, kwa sababu alikuwa mzima sana tangu mwanzo. Lakini hatari yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ile ambayo angekuwa nayo asingetoa. Kauli zote mbili ni kweli, na anayetoa ana haki ya kuzisikia zote mbili kabla hajatia sahihi.

Kwa watoaji Weusi wa Marekani hesabu ilipanda hadi 74.7 kwa 10,000 katika miaka 15, dhidi ya 23.9 kwa Weusi wazima wasiotoa. Sehemu ya sababu huenda ni jeni iitwayo APOL1. Kuna aina zake mbili zilizoenea kwa sababu humkinga mtu dhidi ya malale, ugonjwa wa mbung'o ambao Busoga inaujua vizuri mno, lakini mtu akirithi nakala mbili figo zake huwa hatarini zaidi. Aina hizo zimejaa zaidi Afrika Magharibi kuliko Mashariki, kwa hiyo takwimu za Wamarekani Weusi tusizibandike kwetu kama zilivyo. Tusizitupe pia. Kama katika ukoo wenu figo zimekufa kwa watu wawili au watatu bila sababu iliyojulikana, mwambieni daktari kabla ndugu mwingine hajalala mezani.

Sasa turudi kwa mdogo wetu wa miaka 21. Vipimo vyake leo ni vizuri, kama vya karibu kila kijana wa umri huo. Presha na kisukari vya ukoo wetu havijapata muda wa kujitokeza kwake, na mbele yake kuna miaka hamsini ya kuishi na figo moja. Mtu wa miaka 50 ambaye presha yake bado iko chini na sukari yake iko sawa, mwili wake umeshajieleza. Figo yake imechoka kidogo, ndiyo, lakini yeye mwenyewe unaweza kumbashiria kwa uhakika zaidi. Mjomba alichagua kwa kuangalia nani hana mzigo. Kumbe ilifaa tuangalie nani mwili wake umeshaonyesha unaelekea wapi. Kwa hoja hiyo hiyo, mwenzi wa ndoa asiyechangia damu ya ukoo hana hatari ya kurithi ugonjwa wa mgonjwa. Kufanana kwa tishu ni pungufu, ila dawa za leo hufidia sehemu kubwa.

Na wasichana. Utafiti wa Ontario, Kanada, wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa presha ya ujauzito au dalili za kifafa cha mimba ziliwapata asilimia 11 ya waliotoa figo waliposhika mimba, na asilimia 5 ya wanawake wazima wasiotoa. Wengi walijifungua salama. Lakini dada ambaye hajamaliza kuzaa, na kliniki ya karibu iko mbali, aisikie takwimu hiyo kutoka kwa daktari mwenyewe, peke yake, bila kaka zake chumbani.

Kampala na India hapa hazitofautiani kwa kisu tu. Jambo kubwa ni miaka inayofuata. Aliyetoa anahitaji kupimwa presha, mkojo na kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inafanya kazi kiasi gani) walau mara moja kwa mwaka, na kukaa mbali na diklofenaki na dawa za maumivu za jamii hiyo. Aliyetolea Kampala ana mahali pa kurudi. Aliyetolea India atafute daktari hapa kabla ya kupanda ndege.

Fedha

Uganda haina bima ya afya ya taifa, kwa hiyo kila njia inapita mfukoni. Serikali hubeba sehemu ya gharama za kusafisha damu Kiruddu, hospitali kuu ya umma kwa kazi hii. Hata hivyo zidisha: mara mbili kwa wiki ni safari 104 kwa mwaka, mara tatu ni 156, kila safari ikiwa na nauli ya watu wawili na siku mbili za kazi zilizopotea.

Kupandikiza ni fungu kubwa mara moja, kisha dawa bila kikomo. Kwa Kampala, omba maandishi yanayoonyesha kama vipimo vya anayetoa vimo ndani. Kwa India, ongeza tiketi za watu watatu, viza, nyumba ya kupanga karibu na hospitali, na kupanda kwa dola. Nawasihi kitu kimoja: mkianza michango, hesabuni kwanza dawa na vipimo vya damu vya miaka miwili, halafu ndiyo tiketi. Watu huchangia safari kwa moyo. Mwezi wa nane wa vidonge hakuna anayechangia, na figo ya ndugu hupotea kwa dozi zilizorukwa.

Muda na kazi

Mashine hula siku mbili au tatu za kila wiki, na jioni yake mtu hana nguvu. Ukipandikizwa Kampala, miezi ya kwanza ni kliniki za mara kwa mara, lakini unalala kwako. India mpokeaji hukaa miezi miwili hadi mitatu. Anayetoa hurudi kazi ya mezani baada ya wiki nne hadi sita. Ya jembe, magunia au boda inahitaji zaidi. Nani atailisha nyumba yake wiki hizo? Hilo liandikwe kwenye bajeti.

Sheria na karatasi

Mashine haidai karatasi za ukoo. Uganda ilipata sheria ya kutoa na kupandikiza viungo mwaka 2023. Inaunda baraza la kusimamia kazi hiyo na inapiga marufuku kuuza na kununua viungo. India ina sheria yake tangu mwaka 1994, na mgeni huja na mtoaji wake mwenyewe, barua ya ubalozi na ushahidi wa undugu, kisha kamati huwahoji.

Hapo ndipo Waganda hukwama. Kwetu ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza wasishiriki jina hata moja. Afisa wa kigeni anasoma pasipoti mbili anaona wageni wawili. Anzeni mapema kutafuta vyeti vya kuzaliwa NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho ya Uganda, na hati ya kiapo, na bebeni picha za zamani za familia.

Dalali mmoja alitufuata tukiwa bado kwenye benchi la kusubiri, akanong'ona kwamba anaweza kutuletea "kijana mzima" na karatasi za undugu. Kaka alimwambia aondoke. Azimio la Istanbul la mwaka 2008 linalaani biashara hiyo, na sababu nilizieleza juu: kijana yule hatapimwa kwa uaminifu wala hatafuatiliwa na mtu.

Waislamu wenzangu wameniuliza kuhusu dini. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilipitisha mwaka 1988 kwamba mtu aliye hai anaweza kutoa kiungo ikiwa hakitamdhuru kwa kiasi cha kuzidi faida, na bila kuuza.

Kwa hali yako

Mgonjwa ana umri mkubwa, moyo dhaifu, saratani au maambukizi ambayo hayajatibiwa: mashine kwanza, na nguvu iwekwe kwenye fistula nzuri na kupata siku ya tatu ya wiki.

Mgonjwa ana nguvu, yuko kwenye umri wa kazi, na kuna mtoaji aliyepita vipimo wa makundi ya damu yanayoafikiana: ulizeni Mulago kabla ya kuuza shamba. Inawafaa hasa ambao hawana jamaa wa kuwakaribisha nje, ambao karatasi zao zina matatizo, au ambao mtoaji ana watoto wadogo nyumbani.

Mgonjwa amewahi kupandikizwa, au ameongezewa damu mara nyingi, au ni mke anayepewa figo na mume ambaye amemzalia: mimba na damu huweza kuacha kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya figo hiyo. Hapo hospitali yenye maabara na mazoea ya kesi ngumu ina uzito, na India inaweza kustahili gharama, mkiwa tayari mna daktari wa kuwapokea mkirudi.

Mtoaji pekee ni kijana, au binti ambaye hajazaa, au ametamka "ndiyo" mbele ya wazee lakini macho yake yako chini: bakini kwenye mashine mwaka mmoja na mtafute zaidi. Daktari anaweza kuuambia ukoo "hafai" bila kueleza sababu. Ombeni kijana ajue hilo kabla ya vipimo.

Kwetu, mimi nilipimwa nikakutwa na presha, nikaondolewa. Mdogo wetu bado ana boda yake na figo zake mbili. Aliyejitokeza ni wifi, mwenye miaka 46 na watoto wanne waliokwisha kukua. Makundi ya damu yameafikiana, na tunasubiri kipimo cha kuchanganya damu zao, kuona kama mwili wa kaka utaishambulia figo hiyo. Kwenye daftari la kaka nimechora safu ya nne, nikaandika juu yake jina la wifi. Kila Jumatatu tunajaza presha yake, na tumekubaliana mkekani kwamba safu hiyo itaendelea kujazwa baada ya operesheni, hata daftari likiisha.